Kukatakata kwa sauti (programu za kurekodi)

Kukatakata kwa sauti ni hitilafu inayotokea pale kompyuta inaposhindwa kuifikishia kadi ya sauti data kwa wakati. Wimbo ukipigwa, husikika mikwaruzo, milio ya "tak-tak" au mapengo ya kimya. Hujitokeza sana katika studio za nyumbani, ambako kompyuta ya kurekodia hufanya pia kazi nyingine.

Chanzo

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa sampuli. Kwa kiwango cha CD, ni sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila chaneli. Programu huzipeleka kwa mafungu kupitia bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda. Kadi inapopiga fungu moja, prosesa huandaa linalofuata. Likichelewa, kadi hukosa cha kupiga. Kwa kiwango hicho, bafa ya sampuli 128 huipa prosesa takriban milisekunde 2.9 tu, ya sampuli 1,024 huipa 23.2. Ndiyo maana sauti yaweza kukatika hata prosesa ikionekana haina kazi nyingi: draiva moja (programu inayoendesha kifaa), kwa mfano ya Wi-Fi, ikiishikilia kwa milisekunde chache, fungu limeshachelewa.

Utambuzi

Wimbo hutolewa kuwa faili, kisha husikilizwa kwa programu nyingine. Faili likiwa safi, tatizo liko kwenye upigaji na rekodi ni salama. Mkato ukisikika palepale kila mara, huenda uliingia wakati wa kurekodi. Kubadili mipangilio hakutauondoa, na kipande hicho hurekodiwa upya.

Marekebisho

Hatua ya kwanza ni kuongeza bafa. Gharama yake ni ucheleweshaji: mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya mdundo. Kwa hiyo mafundi wengi hutumia sampuli 64 hadi 256 wanaporekodi, na 512 au zaidi wanapochanganya sauti, kwa kuwa wakati huo hakuna anayeimba.

Hatua ya pili ni kutumia draiva inayofaa. Katika Windows, draiva ya ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997, huikwepa njia ndefu ya sauti ya mfumo endeshi. Kwa kazi hiyo, kompyuta za Mac hutumia Core Audio, na Linux ina JACK miongoni mwa njia zake.

Mkato ukiendelea, hufuata hatua hizi:

- kuzima Wi-Fi na kufunga programu zisizohitajika;
- kuondoa hali ya kubana matumizi ya umeme, ambayo hupunguza kasi ya prosesa;
- kugandisha, yaani kugeuza kwa muda kuwa sauti iliyokwisha kukokotolewa, sehemu za wimbo zenye programu-jalizi nzito, hasa za mwangwi, ili zisikokotolewe upya kila zinapopigwa;
- kuchomeka kadi ya sauti moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyaji cha USB;
- kuhakikisha kiwango cha sampuli cha programu kinalingana na cha kadi.

Ni vyema kubadili jambo moja kwa wakati na kusikiliza tena, ili chanzo kijulikane.