Kubeba silaha kihalali mbele ya polisi (Marekani)

Kubeba silaha kihalali mbele ya polisi nchini Marekani ni hali ya raia wa kawaida, asiye askari wala mlinzi, kukutana na askari polisi akiwa na bastola au bunduki aliyoruhusiwa na sheria kuwa nayo. Mara nyingi hutokea barabarani, gari linaposimamishwa kwa kosa dogo kama mwendo wa kasi au taa mbovu. Hutokea pia mtaani, dukani au mlangoni pa nyumba.

Mikutano mingi ya namna hiyo huisha kwa onyo au faini tu. Hata hivyo suala hili limezua kesi nyingi mahakamani na mabishano makali, kwa sababu ndani yake haki mbili hugongana: haki ya raia kubeba silaha, na haja ya askari kurudi nyumbani akiwa hai. Kipo pia kisa kinachojulikana sana cha mtu aliyemweleza askari kwa adabu kwamba ana silaha, kisha akapigwa risasi katika muda wa sekunde chache.

Msingi wa kisheria

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo ni ya kila mtu binafsi, naye anaweza kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald dhidi ya Chicago, mahakama hiyo ilisema kwamba serikali za majimbo na miji nazo zinabanwa na haki hiyo. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, iliamua kwamba haki hiyo haiishii mlangoni pa nyumba: raia anaweza kubeba bastola hadharani, na jimbo haliwezi kumdai athibitishe kwamba ana sababu ya pekee.

Pamoja na hayo, kila jimbo lina sheria zake. Baadhi hudai kibali, ambacho mtu hupewa baada ya kuchunguzwa na mara nyingi baada ya mafunzo. Mengine hayadai kibali chochote. Vermont haijawahi kukidai. Alaska iliacha kukidai mwaka 2003 na Arizona mwaka 2010. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameruhusu watu wazima wasio na zuio la kisheria kubeba bastola bila kibali. Kwa hiyo tendo lililo halali upande mmoja wa mpaka wa jimbo linaweza kuwa kosa la jinai upande wa pili, ingawa barabara ni ileile.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humruhusu msafiri kupita na silaha katika jimbo lisiloiruhusu, mradi ana haki ya kuwa nayo anakotoka na anakokwenda. Silaha hiyo lazima iwe haina risasi ndani na isiwe mahali pa kufikiwa kwa urahisi. Gari lisilo na buti, silaha iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli.

Mamlaka ya polisi

Askari hana ruhusa ya kumsimamisha mtu yeyote apendavyo. Mwongozo mkuu ni kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya mwaka 1968. Mahakama ya Juu iliamua kwamba askari anaweza kumsimamisha mtu kwa muda mfupi akiwa na shaka ya msingi kwamba kuna uhalifu, na anaweza kumpapasa juu ya nguo akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ana silaha na ni hatari.

Maneno hayo mawili, "ana silaha" na "ni hatari", yameleta mabishano ya muda mrefu. Zamani, katika majimbo mengi, aliyeficha bastola chini ya shati alidhaniwa kuwa anavunja sheria. Leo huenda anatumia haki yake tu. Je, mwenye silaha ni hatari kwa sababu tu ana silaha?

Mahakama za rufaa za shirikisho hazijajibu kwa sauti moja. Mwaka 2015, katika kesi ya Northrup dhidi ya Mji wa Toledo, mahakama moja ilimtetea mtu aliyesimamishwa akitembeza mbwa huku bastola ikionekana kiunoni. Sheria ya Ohio iliruhusu jambo hilo, na mahakama ikasema tendo halali peke yake si sababu ya kumtia mtu mbaroni wala kumnyang'anya silaha. Mwaka 2017, katika kesi ya Marekani dhidi ya Robinson, mahakama nyingine iliamua kinyume kwa namna fulani: mtu akishasimamishwa kwa haki, askari mwenye sababu ya kuamini kwamba ana silaha anaweza kumpapasa, awe na kibali au asiwe nacho. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Mahakama ya Juu ilikuwa imesema katika kesi ya Florida dhidi ya J.L. kwamba simu ya mtu asiyejitaja, anayedai tu kwamba fulani ana bastola, haitoshi kuwa sababu ya kumsimamisha na kumpekua.

Barabarani mamlaka ya askari ni makubwa zaidi. Tangu kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms ya mwaka 1977, anaweza kumwamuru dereva aliyesimamishwa kwa haki ashuke garini bila kueleza sababu. Mwaka 1997 ruhusa hiyo ilipanuliwa ihusu pia abiria. Kwa upande mwingine, kesi ya Rodriguez ya mwaka 2015 inamkataza kurefusha kusimama huko kupita muda unaohitajika kwa kosa lenyewe, isipokuwa ipo shaka nyingine ya msingi.

Wajibu wa kujieleza

Majimbo yanatofautiana pia kuhusu swali hili: je, mwenye silaha lazima aseme mwenyewe, au asubiri aulizwe?

Michigan, Nebraska, North Carolina na Alaska ni miongoni mwa majimbo yanayodai asiyeulizwa aseme mara moja. Katika majimbo mengine wajibu huanza pale askari anapouliza. Minnesota ni mojawapo: mwenye kibali hujibu akiulizwa. Ohio ilikuwa katika kundi la kwanza hadi mwaka 2022, ilipobadilisha sheria na kuhamia kundi la pili.

Wanaounga mkono wajibu wa kusema mapema hudai kwamba unampa askari utulivu, kwa kuwa hatashtuka akiiona bastola kwa bahati mbaya. Wanaoupinga husema kwamba unamgeuza raia mwema kuwa mkosaji kwa kuchelewa sekunde chache tu, hasa askari anapoanza yeye kusema na kumkatiza.

Mazoea yanayofundishwa

Walimu wa mafunzo ya silaha na idara nyingi za polisi hufundisha mambo yanayofanana. Dereva husimama mahali salama, huzima injini, na usiku huwasha taa ya ndani. Mikono yote miwili hukaa juu ya usukani ikionekana. Hatafuti leseni kabla askari hajafika, kwa kuwa askari anayekuja kwa nyuma huona tu bega linaloinama na hajui linafuata nini.

Anapojieleza, hushauriwa aanze na kibali badala ya kutaja bastola kwanza. Kisha hutaja silaha ilipo bila kuigusa wala kuinyooshea kidole, na huuliza askari anataka afanye nini. Asogee tu baada ya kuambiwa, polepole, akisema anachofanya. Pochi na karatasi za gari huwekwa mbali na silaha, ili mkono unaofuata leseni usionekane kana kwamba unafuata bastola. Askari anaweza kuichukua silaha kwa muda, kisha kuirudisha mwishoni.

Texas ilipitisha sheria mwaka 2017 inayotaka wanafunzi wa sekondari na wanaojifunza udereva wafundishwe namna ya kuhusiana na polisi, na askari nao wafundishwe namna ya kuhusiana na raia.

Kisa cha Philando Castile

Tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile, mwenye umri wa miaka 32, alisimamishwa huko Falcon Heights, Minnesota. Alikuwa mfanyakazi wa jikoni katika shule moja ya Saint Paul, na alikuwa na kibali cha kubeba bastola. Garini alikuwa na mpenzi wake pamoja na mtoto wa kike wa mpenzi huyo, mwenye miaka 4.

Askari, Jeronimo Yanez, alimweleza kwamba taa ya nyuma ilikuwa mbovu. Kabla ya hapo alikuwa amesema kwenye redio kwamba dereva anafanana na mtu anayetafutwa kwa wizi wa kutumia silaha. Alimwomba leseni na kadi ya bima. Castile alitoa kadi ya bima, kisha akamwambia kwa heshima kwamba ana silaha, ingawa sheria ya Minnesota haikumlazimu kusema kabla ya kuulizwa. Askari alimwonya asiitoe. Castile alijibu kwamba haitoi, na mpenzi wake akasema hivyohivyo. Mara Yanez akafyatua risasi 7.

Askari alieleza kwamba aliamini Castile anaivuta bastola. Mpenzi wake alisema alikuwa akifuata kitambulisho alichoombwa. Bastola ilikutwa mfukoni mwa kaptura yake. Dakika za mwisho za uhai wake zilirushwa moja kwa moja kwenye Facebook na mpenzi wake.

Yanez alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na tarehe 16 Juni 2017 jopo la raia waliosikiliza kesi lilimwachia huru. Kisa hiki kilionyesha ugumu ambao mazoea ya darasani hayaumalizi: mtu huyohuyo aliagizwa atoe leseni, na papo hapo akaonywa asisogeze mkono.

Matukio mengine

Juni 2021, huko Arvada, Colorado, Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ameua askari, akamzuia asiendelee. Askari aliyefika alimwona Hurley ameshika bunduki ya mshambuliaji, akampiga risasi akafa. Februari 2022, huko Minneapolis, polisi waliingia alfajiri katika nyumba kwa hati ya upekuzi isiyodai kubisha hodi. Amir Locke, mwenye umri wa miaka 22, aliyekuwa amelala kwenye kochi na ambaye hakutajwa katika hati hiyo, aliamka ameshika bastola aliyoimiliki kihalali. Aliuawa katika muda wa sekunde chache. Katika matukio yote mawili waendesha mashtaka hawakuwashtaki askari.

Rangi na hofu

Castile na Locke walikuwa Wamarekani weusi. Wakosoaji wengi husema kwamba haki ya kubeba silaha haitazamwi kwa jicho moja watu wa rangi mbalimbali wanapoitumia. Hutaja historia: mwaka 1967 California ilikataza kubeba hadharani bunduki zenye risasi, baada ya chama cha Black Panther kuwafuatilia polisi wa Oakland kikiwa na bunduki. Gavana Ronald Reagan ndiye aliyetia saini sheria hiyo. Castile mwenyewe alikuwa amesimamishwa barabarani zaidi ya mara 40 katika maisha yake, kwa makosa madogo. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilikosolewa na baadhi ya wanachama wake kwa kutoa taarifa fupi isiyomtaja kwa jina.

Watetezi wa polisi hujibu kwamba askari huamua katika muda mfupi mno, bila kujua moyo wa aliye mbele yake, na kwamba wenzake wengi wamepoteza maisha kando ya barabara.

Wageni na wahamiaji

Suala hili linawagusa pia wahamiaji kutoka Afrika ya Mashariki na Kongo wanaoishi Marekani. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kumiliki silaha, lakini wengi walio kwa viza za muda, kama wanafunzi, hukatazwa na sheria ya shirikisho isipokuwa kwa masharti maalumu, mfano leseni ya uwindaji. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana ukazi wa kudumu. Kwake yeye, swali la askari kando ya barabara lina uzito mara mbili.