Mwanamke wa Freedom Corner

Wapo wanaosema sanamu ya Mau Mau, wapiganaji waliopigana na ukoloni wa Waingereza, pale Freedom Corner, Uhuru Park, imemtukana mwanamke: mwanamume ni mpiganaji, mwanamke kaletwa kumlisha. Nusu ya lalamiko hilo nalikubali. Nusu ya pili yaonyesha tulivyosahau vita vyenyewe vilipiganwa vipi.

Habari za bustani hiyo ya Nairobi zinajulikana. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua mwaka 1969. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alisimama kidete isijengwe jumba la ghorofa 60. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula papo hapo, wakapigwa na polisi, na baadhi yao wakavua nguo kuwalaani. Sanamu ilizinduliwa Septemba 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake, kwa kuwa usiyemwona uso huwezi kumtaja ukiteswa.

Sasa tuzungumzie hicho chakula. Waingereza hawakukidharau hata kidogo. Kati ya 1954 na 1955 waliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wakawarundika katika vijiji zaidi ya 800 chini ya ulinzi. Kando ya msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la maili 50 hivi kwa kazi ya shuruti, na wengi wa waliolichimba walikuwa wanawake. Shabaha ilikuwa kuutenga msitu na vijiji. Serikali iliyokuwa na ndege za kudondosha mabomu haikuchimba shimo refu namna hiyo kwa kuwaogopa wapishi.

Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa miaka 15 tu, mmoja wa waliowapelekea wapiganaji chakula, alipotiwa katika kambi ya Gatithi na kuteswa vibaya. Oktoba 2012 alikuwa mmoja wa Wakenya watatu walioruhusiwa na Mahakama Kuu ya London kuendelea na kesi dhidi ya serikali ya Uingereza. Mwaka uliofuata Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa watu 5,228 karibu pauni milioni 20, na kugharamia sanamu hiyo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kesi ilikuwa ya mateso, basi na kumbukumbu iliyozaliwa nayo ni ya walioteswa. Wanawake wapatao 8,000 waliwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, wengi wao katika kambi ya Kamiti, nao wanastahili kukumbukwa. Lakini askari je?

Muthoni wa Kirima, wa Nyeri, alianza kwa kuwapelelezea wapiganaji. Mwaka 1953 akaingia msituni. Alipanda hadi cheo cha Field Marshal, mwanamke pekee aliyekifikia, na hakutoka msituni mpaka uhuru wa 1963. Nitaambiwa wanawake walioshika bunduki walikuwa wachache. Sawa, na wanaume waliofikia cheo cha Muthoni walikuwa wangapi? Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, amesimamishiwa sanamu tangu 2007 katika mtaa wenye jina lake, bunduki mkononi, nayo haiko mbali na Uhuru Park. Pale hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba aliteswa.

Wambui Otieno naye alikuwa mpelelezi wa Mau Mau jijini Nairobi, akawekwa kizuizini Lamu. Ukimtaja leo, wengi wanakumbuka kesi ya 1987 ya kugombea maiti ya mumewe. Habari zake za vita ilibidi aziandike mwenyewe.

Heshima rasmi nayo ilichelewa mno. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2022 Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Mzee Jomo Kenyatta, alimnyoa Muthoni wa Kirima nywele alizokuwa amezifuga tangu msituni, kamera zikapiga picha. Septemba 2023 Muthoni akafariki, na viongozi wakatoa rambirambi.

Mwanamke yule wa Freedom Corner abaki na chakula chake, kazi aliifanya. Ninachodai ni sanamu ya pili, ya Muthoni wa Kirima mwenyewe, jina na cheo vikiandikwa chini yake, iwe Nairobi au Nyeri. Na safari hii gharama tulipe sisi.