Nani Aliandika Mila za Wanande?

Musienene iko kusini mwa Butembo, katika teritwari ya Lubero, kwenye nchi ya Wanande mashariki mwa Kongo, na wengi huijua kwa misheni yake na seminari yake ndogo. Kijana aliyesoma huko alitoka katika nyumba ya Kinande akaingia darasa la Kifaransa. Yale aliyoyasikia kwa bibi yake yalibaki nje ya mtaala, na ilichukua muda mrefu kabla shule kuyaona kuwa ni jambo la kuandikwa.

Wa kwanza kuyaandika hawakuwa wanafunzi. Mapadre Waasumpsio walifika nchi ya Beni mwaka 1929, na mhubiri hawezi kwenda mbali asipojua watu wanaamini nini, wanaogopa nini, wanazikaje wafu wao. Mmoja wao, Lieven Bergmans, alichapisha huko huko Butembo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi yake juu ya Wanande. Ni kazi yenye manufaa, ila msomaji mwangalifu atagundua kwamba maswali yake ni ya padre: matambiko yana nafasi kubwa, mizaha ya vijana haina.

Ng'ambo ya mpaka, haja ilikuwa nyingine. Bakonzo wa Uganda, ndugu wa Wanande, walikuwa chini ya ufalme wa Toro na walilalamika kwamba wanadharauliwa. Mwaka 1954 mwalimu Isaya Mukirane alianzisha chama cha kutafiti historia na maisha ya Bakonzo, akawa anawauliza wazee milimani. Kufikia 1962 mwalimu huyo alikuwa kiongozi wa Rwenzururu, vuguvugu la kujitenga na Toro. Waliodhani kwamba kukusanya masimulizi ni kazi ya kujifurahisha walipata jibu lao.

Zamu ya wanafunzi wa Kongo ilikuja baada ya 1971. Mwaka huo Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, vyuo vikuu vikaunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na lugha yakawekwa Lubumbashi. Mwaka 1975 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilichapisha hadithi za Kinande zilizokusanywa na Kambale Kavutirwaki, Mnande mwenyewe.

Kwa nini wakati huo? Wengi hutaja siasa ya Mobutu ya kurudia asili, na kweli siasa hiyo ilifanya methali za kijijini ziwe mada ya heshima. Lakini siasa hiyo ilikufa, na wanafunzi wakaendelea kuandika juu ya methali na hadithi. Kwa hiyo naona sababu yenye nguvu zaidi ni sharti la chuo: diploma haikupatikana bila TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa masomo) au memwari (tasnifu). Kuna pia jambo ambalo wanahistoria husahau kulitaja, nalo ni nauli. Mwanafunzi asiye na pesa ya kwenda kutafiti kwingine wala vitabu vya kutosha hukusanya akiwa likizo kwao, na huko msimulizi yupo, hadai malipo.

Hata hivyo, wakusanyaji hawa walikwenda kwa wazee, mara chache wakajiuliza wao wenyewe wanaishi na mila gani. Katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Alan Dundes alifundisha somo la mila na masimulizi ya watu tangu 1963 kwa njia tofauti: kila mwanafunzi alileta mizaha, imani na desturi za nyumbani au za rafiki zake, akaandika nani amesema, wapi na kwa maana gani. Mkusanyo huo umepita vipande laki tano. Kwa Wanande kazi kama hiyo ingeweza kuanzia kwenye jalada la memwari lenyewe. Mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na binti wa kwanza Masika. Mtafiti huandika kurasa nyingi juu ya mila za mababu, huku jina lake likimwambia msomaji amezaliwa wa ngapi.

Butembo sasa ina chuo kikuu chake, Université Catholique du Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, pamoja na vyuo vya ualimu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho mwaka huu na aanze na utani wa bweni lake na imani za msimu wa mtihani wa serikali, na chini ya kila kipande aandike kijiji, tarehe na umri wa aliyemsimulia.