Je, Vitufe Vina Thamani ya Bei Yake?

Mwezi Juni mwaka 2018 kampuni ya TCL ya China ilitangaza simu iitwayo BlackBerry KEY2. Bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 649. Kioo chake kilikuwa kidogo, inchi 4.5 tu, kwa sababu sehemu ya chini ya uso wake ilikaliwa na vitufe vya herufi, vile vya kubonyeza kwa vidole gumba. Kwa bei hiyo mnunuzi angeweza kupata simu yenye kioo kikubwa zaidi na kamera bora zaidi, na akabaki na chenji. Mwaka huo dola moja kwa bei ya benki ilikuwa karibu faranga 1,780 za Burundi. Kwa hiyo simu ile ilifika faranga 1,150,000 kabla hata haijapanda ndege, na aliyenunua dola zake nje ya benki alilipa zaidi. Pato la Mrundi mmoja kwa mwaka, kwa hesabu za Benki ya Dunia, halifiki dola 300. Basi simu moja ni pato la zaidi ya miaka miwili.

Katika insha hii nauliza kama simu ya namna hiyo, inayopendwa na kundi dogo la watu, inaweza kustahili bei kubwa kuliko simu nyingine. Naliuliza swali hili nikiwa Bujumbura, na nikiwa mtu aliyejifunza kuchapa katika sekretarieti. Kwa msomaji asiyeishi kwetu, sekretarieti ni kibanda chenye kompyuta moja au mbili na mashine ya fotokopi, ambapo watu huja kuandikiwa barua za kuomba kazi, risala za harusi na tasnifu za chuo. Hapo vitufe ndivyo vinavyolisha watu.

Kulipia vitufe si jambo la jana. Mashine ya kuchapa ya kwanza kuuzwa kwa wingi, yenye mpangilio wa herufi tunaoujua mpaka leo, ilitolewa na kampuni ya Remington ya Marekani mwaka 1874. Wafaransa na Wabelgiji walibadilisha kidogo mpangilio huo ili ufuate lugha yao, na Wabelgiji waliotawala Ruanda-Urundi kutoka mji huu, wakati huo ukiitwa Usumbura, walituachia desturi hiyo. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, mji ukaitwa Bujumbura, lakini kibodi zetu bado zinaanza na A na Z badala ya Q na W. Mashine ya kuchapa ilikuwa ghali sana, lakini hakuna aliyeuliza kama inastahili bei yake. Karani aliyekuwa nayo alikuwa na kazi. Mashine ile iliuza kurasa, na kurasa zikailipa.

Naomba msomaji ashike jambo hilo: chombo cha kuandikia hujilipa pale maandishi yenyewe yanapolipwa.

Simu ya kibodi ilianza kwa hesabu hiyohiyo. Kampuni ya Research In Motion iliundwa mwaka 1984 katika mji wa Waterloo, Kanada, na Mike Lazaridis pamoja na Douglas Fregin. Mwaka 1999 ikatoa kifaa kidogo cha BlackBerry 850, kisicho hata na uwezo wa kupiga simu, kilichotumia betri ya kawaida kama ya redio. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutuma baruapepe. Herufi zilipangwa ili mtu aandike kwa vidole gumba viwili akiwa amesimama au yuko ndani ya gari. Miaka michache baadaye simu yenyewe ikaongezwa, na mwaka 2005 ukaja ujumbe wa BBM, ambao wenye BlackBerry waliandikiana wao kwa wao.

Sasa, nani alilipa? Mjomba wangu alikuwa dereva wa shirika moja la misaada hapa mjini, miaka ile ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa na watu wengi Bujumbura baada ya vita. Anakumbuka kwamba mkuu wake alikuwa na BlackBerry na hakuwahi kuinunua. Aliikuta mezani siku ya kwanza ya kazi, na siku ya mwisho akairudisha. Duniani kote ndivyo ilivyokuwa kwa wengi: ofisi ilinunua simu, ofisi ikalipia huduma ya kila mwezi, na mfanyakazi akapata heshima ya kuonekana nayo. Kwa maoni yangu hapa ndipo makosa ya baadaye yalipozaliwa. Kampuni iliona watu wanapenda vitufe, ikadhani watavipenda vilevile watakapotakiwa kuvilipia kwa fedha zao wenyewe.

Watu wa kawaida walipata vitufe kwa njia nyingine. Nokia ilitoa E71 mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikaja C3, simu ya rangi yenye kibodi kamili kwa bei ya chini zaidi. Nyuma yake zikafuata simu za kuigiza kutoka China, zenye sura ya BlackBerry au Nokia, majina yaliyokosewa herufi moja, na laini mbili. Simu bandia zilienea mno Afrika Mashariki hata Kenya ikazizima zaidi ya milioni moja tarehe 30 Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Mtu anaweza kuzicheka, lakini mimi naziona ni ushahidi wa kihistoria. Zinaonyesha mnunuzi wetu alitaka nini hasa. Laini mbili zilimwokolea pesa kila siku, maana kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na Burundi ilikuwa na mitandao mingi kuliko ukubwa wa nchi. Kampuni ya Tecno ilijenga biashara yake Afrika juu ya jambo hilo dogo ambalo wakubwa walilidharau. Vitufe vilikuwa pambo zuri, ila laini ya pili ndiyo iliyojilipa.

Halafu kioo kikashinda. Steve Jobs alipoonyesha iPhone Januari 2007 aliwasema wazi wenye vibodi vya plastiki: vitufe vyao vinabaki palepale hata pale visipohitajika. Lakini iPhone si iliyofika kwetu. Kilichofika ni kioo cha bei rahisi. Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya iliuza Huawei Ideos kwa chini ya dola 100, na Januari 2013 ikauza Yolo ya Intel kwa shilingi 10,999. Tangu hapo njia ilikuwa wazi.

Kwa nini vitufe viwe ghali na kioo kiwe rahisi? Fikiria fundi cherehani wa Buyenzi. Akishona sare za shule mia tatu, anakata kwa kipimo kimoja na bei inashuka. Akishona suti moja ya bwana harusi mwenye bega moja juu, kazi ya kupima na kukata yote inamwangukia mteja mmoja. Kibodi ya kweli ina swichi chini ya kila herufi, ina kalibu yake, na herufi zake huchorwa tofauti kwa Mfaransa, Mwingereza na Mjerumani. Kibodi ya kioo ni programu tu. Ukitaka A mahali pa Q unagusa mara moja na haikugharimu chochote. Kadiri wapenzi wa vitufe walivyopungua, gharama ya kalibu iligawanywa kwa watu wachache zaidi, bei ikapanda, na bei ilipopanda watu wakapungua tena.

Hesabu hiyo inaonekana katika miaka ya mwisho ya BlackBerry. Passport ya mwaka 2014 iliuzwa dola 599. Priv ya mwaka 2015 ikafika dola 699, na mwaka uliofuata mkuu wa kampuni, John Chen, akakiri hadharani kwamba bei ilikuwa kubwa mno na kwamba wateja wa ofisi walitaka simu ya kama dola 400. Septemba 2016 kampuni ikaacha kutengeneza simu. TCL ilichukua jina, ikatoa KEYone mwaka 2017 na ile KEY2 niliyoitaja, kisha ikaacha kuziuza Agosti 2020. Kampuni nyingine, OnwardMobility, ikaahidi simu mpya ya vitufe. Ikafungwa Februari 2022 bila kuuza hata moja.

Wapo wanaosema simu hizi zilistahili bei yake kwa sababu zilidumu. Ni kweli vitufe vyake vilikuwa imara. Lakini simu haifi kwa vitufe. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Symbian kama E71 katikati ya mwaka 2017, katika BlackBerry za mfumo wa zamani mwisho wa mwaka huo, na katika C3 na ndugu zake mwisho wa 2018. BBM ya watu binafsi ilifungwa tarehe 31 Mei 2019. Tarehe 4 Januari 2022 huduma zilizobaki za mifumo ya zamani ya BlackBerry zikazimwa. Mashine ya Remington haikumtegemea mtu wa mbali ili ichape. Ukiwa na utepe wa wino na karatasi, ilichapa. Aliyenunua simu ya kibodi kwa bei ya juu alinunua pia ahadi ya watu wengine kwamba wataendelea kuihudumia, na ahadi hiyo haikuandikwa kwenye boksi.

Hata hivyo kuna hoja moja ya kutetea vitufe ambayo sijaiona ikitolewa na Wazungu, nayo inatuhusu sisi. Kibodi ya kioo haina mipaka ambayo kidole kinaweza kuihisi, kwa hiyo hutegemea kamusi iliyo ndani ya simu kukisia ulichotaka kuandika. Kamusi za kwanza zilizofika Bujumbura zilijua Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili chetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: wameshatuandikia, hawajatuambia, tungewapelekea. Simu ya Kifaransa ikikutana na neno kama hilo hupotea njia. Neno kama likawa karma. Niliwahi kuandika pole kwa rafiki aliyefiwa, simu ikaweka kofia juu ya o na kumpelekea neno la Kifaransa la ncha ya dunia. Ukizima kukisia, vidole vinakosea. Ukiwasha, lugha inakosea. Mwandishi wa vitufe vya kweli hakuwa na shida hiyo kwa kiasi kile, kwa sababu kidole chenyewe kilijua kiko wapi. Kwa msemaji wa lugha ambayo watengenezaji hawakuifikiria, kitufe kilikuwa na thamani kuliko kwa mtu wa London. Siku hizi zipo kibodi za kioo zenye kamusi ya Kiswahili, na hoja hii imepungua nguvu, ingawa haijaisha.

Lakini hata hoja hiyo haikuwafanya watu wa Bujumbura wanunue vitufe, na nadhani najua sababu. Agosti 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti. Mei 2015, wakati wa machafuko, redio kadhaa binafsi za mjini zilishambuliwa zikanyamaza, na mitandao ya kijamii ilikuwa imeshazuiwa kwenye simu tangu mwisho wa Aprili. Waliopata njia ya kuzunguka kizuizi walitumiana habari kwa picha na kwa sauti. Waandishi wa habari walioanzisha SOS Médias Burundi walifanya kazi kwenye mitandao hiyohiyo. Kama kuna wakati ambapo kuandika kwa haraka na bila kukosea kulikuwa na thamani katika mji huu, ni wakati ule. Hata hivyo simu zilizobeba habari zilikuwa za kioo cha bei rahisi, zilizopasuka pembeni, na wenye nazo wengi hawakuandika. Walisema, wakichanganya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika pumzi moja, jambo ambalo hakuna kamusi wala kibodi inayoliweza. Mshindani wa vitufe kwetu alikuwa mdomo kuliko kioo.

Katika sekretarieti yetu wateja wengine huja na simu, hubonyeza ujumbe wa sauti wa baba yao aliyeko Rumonge au Makamba, na mimi huchapa barua huku nikimsikiliza mzee akikohoa. Mwaka 2018, nilipojifunza kazi hii, ukurasa ulichapwa kwa faranga 500. Mtu angehitaji kuchapa kurasa zaidi ya 2,300 ili kurudisha bei ya KEY2, bila kula na bila kulipia umeme. Mwandishi wa habari anayelipwa kwa neno na anayeandika akiwa amesimama angeweza pengine kuihalalisha, kama ofisi ndiyo inayolipa. Kwa mfuko wa mtu binafsi jibu langu ni hapana, na historia ya bei zilizoshindwa kutoka 2014 mpaka 2022 inaniunga mkono.

Mwaka 2024 kampuni ya Clicks ilianza kuuza kibodi peke yake, inayovalishwa kwenye iPhone kama ganda, kwa dola 139 na kuendelea. Wazo la kutenganisha vitufe na simu ni zuri, ingawa wakati huo ulihitaji iPhone kwanza. Wanafunzi wa kampasi ya Mutanga walilijua kabla. Wananunua waya mdogo wa kuunganisha, wanachukua kibodi kuukuu ya kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, wanaichomeka kwenye simu yenye ufa, na kuandika tasnifu usiku kucha. Niliyoiona wiki iliyopita ilikuwa imefutika herufi zote isipokuwa W na X, na mwenyewe alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na tatu.