Ron Paul na Vipimo vya Maoni ya Umma

Ron Paul, daktari wa uzazi kutoka mji wa Lake Jackson, Texas, aliwania urais wa Marekani mara 3: mwaka 1988, 2008 na 2012. Mara zote alishindwa kwa mbali. Hata hivyo, kati ya 2007 na 2012 kila kipimo cha maoni ya umma kilichomgusa kilitoa jibu lake. Ukumbi wa makada ulipopiga kura, aliongoza. Michango ilipohesabiwa, aliwapita wagombea waliojulikana kuliko yeye. Watu wa kawaida walipopigiwa simu majumbani mwao, alionekana mgombea wa pembeni. Vipimo hivyo havikuwa na kasoro kubwa, ila kila kimoja kilipima kitu tofauti.

Paul alizaliwa mwaka 1935 huko Pittsburgh, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Duke, akatumikia jeshi la anga kama daktari, kisha akahamia pwani ya Texas, ambako katika maisha yake ya kazi alizalisha zaidi ya watoto 4,000. Siasa aliiingia kwa mlango wa uchumi. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba Marekani haitabadilisha tena dola kwa dhahabu kwa nchi za nje. Paul, aliyekuwa msomaji mkubwa wa mwanauchumi Ludwig von Mises, aliona hatua hiyo ni kibali kwa serikali kuchapisha fedha itakavyo. Mwaka 1976 aliingia Bungeni kwa uchaguzi mdogo, miezi michache baadaye akang'olewa kwa tofauti ya kura zisizofika 300, na mwaka 1978 akarudi.

Itikadi yake, ulibertari, hushikilia kwamba serikali isimwingilie mtu katika mali yake, mwili wake wala mawazo yake, maadamu hajamdhuru mwenzake. Katika siasa za Marekani imani hiyo haina nyumba. Kwa kodi na matumizi ya serikali ilimweka Paul kulia kuliko Warepublikan wenzake. Kwa vita, upelelezi wa raia na sheria za dawa za kulevya ilimsogeza kwa wapinzani wao. Mwaka 1988 alijaribu kukihama chama na kugombea kwa tiketi ya Chama cha Libertarian. Alipata kura zipatazo 432,000, chini ya nusu ya asilimia moja ya kura zote. Jibu hilo lilikuwa wazi, na hakugombea urais nje ya chama kikubwa tena.

Mwaka 1996, akiwa Mrepublikan tena, alirudi kutafuta kiti cha Baraza la Wawakilishi, baada ya miaka kadhaa nje ya Bunge. Viongozi wa chama walimuunga mkono Greg Laughlin, mbunge aliyekuwa amewahama Wademokrati, lakini wapiga kura wa mchujo wakamchagua Paul. Bungeni alipewa jina la Daktari Hapana. Mwaka 1999 Baraza lilipopitisha nishani ya dhahabu kwa Rosa Parks, kura zilikuwa 424 kwa 1, na hiyo moja ilikuwa yake. Hakuwa na neno baya dhidi ya mama huyo. Alitaka kila mbunge atoe dola 100 mfukoni mwake badala ya kutumia fedha za umma. Jimbo lake lilikuwa la wakulima wa mpunga na miji inayopigwa na vimbunga, watu wanaoijua vizuri ruzuku, naye alipinga ruzuku za kilimo na misaada ya maafa. Waliendelea kumchagua. Mtu aliyekataa pensheni ya ubunge na kurudisha hazina sehemu ya bajeti ya ofisi yake ni vigumu kumwita mlafi. Palikuwepo pia ujanja kidogo: aliomba miradi ya jimbo lake iingizwe kwenye miswada ya bajeti, kisha akaipigia miswada hiyo kura ya hapana, akijua itapita tu.

Oktoba 2002 alikuwa mmoja wa Warepublikan 6 katika Baraza waliopinga kumpa Rais George W. Bush idhini ya kuivamia Iraki. Kura hiyo ilipita bila kelele nyingi hadi mdahalo wa wagombea urais wa Republican wa Mei 2007 huko South Carolina, aliposema kwamba mashambulizi ya Septemba 11 yalichochewa kwa kiasi na siasa za Marekani katika nchi za Kiarabu. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ile, alimtaka afute kauli, na ukumbi ukalipuka kwa makofi ya kumuunga mkono meya. Wengi walidhani Paul amekwisha. Lakini watazamaji walipopiga kura kwa ujumbe wa simu kuamua nani ameshinda mdahalo, Paul alitokea wa pili, mbele ya Giuliani.

Tofauti hiyo ya ukumbi na simu ikawa ndiyo habari ya kampeni yake nzima. Tarehe 5 Novemba 2007 wafuasi wake, si makao yake makuu, walipanga siku moja ya kuchangia kwa pamoja kupitia intaneti na kukusanya zaidi ya dola milioni 4. Tarehe 16 Desemba, siku ya kumbukumbu ya chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773, zikaja dola zipatazo milioni 6. Katika robo hiyo ya mwaka hakuna Mrepublikan aliyekusanya fedha nyingi kumzidi. Kisha zikaja kura zenyewe: Iowa asilimia 10, New Hampshire asilimia 8. Mchango hupima utayari wa mtu mmoja kutoa, na aliyetoa mara 5 bado ana kura moja.

Januari 2008 jarida la The New Republic lilifukua vijarida vilivyochapishwa kwa jina la Paul miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, vyenye maneno ya kuwadhalilisha watu weusi na mashoga. Paul alisema hakuviandika, lakini akakubali kubeba lawama ya kutosimamia kilichotoka kwa jina lake. Utetezi huo ulikuwa dhaifu, kwa kuwa jina lilikuwa kwenye kila jalada. Wafuasi wengi hawakutikisika. Kwa wapiga kura waliokuwa bado wanamchunguza kwa mbali, mlango ulifungwa.

Marekani ina desturi ya zamani ya kura za majaribio, ambazo hazimchagui mtu bali huonyesha upepo unavumia wapi. Zisichanganywe na zile ambazo Watanzania huziita kura za maoni, kwani hizo humpata mgombea halisi wa chama. Kwenye mkutano wa kila mwaka wa wahafidhina ujulikanao kama CPAC, Paul alishinda kura ya aina hiyo mwaka 2010 kwa asilimia 31, na matokeo yalipotangazwa sehemu ya ukumbi ilizomea. Mwaka 2011 akashinda tena. Kura iliyotazamwa zaidi ilikuwa ya Ames, Iowa, iliyoanza 1979. Pale mpiga kura alihitaji tiketi ya dola 30, na kampeni ziliruhusiwa kuwanunulia watu tiketi, kuwaleta kwa mabasi na kuwalisha. Tarehe 13 Agosti 2011 Michele Bachmann alipata kura 4,823 na Paul 4,671. Tofauti ilikuwa kura 152, lakini vyombo vya habari vilimjadili Bachmann aliyeshinda, Tim Pawlenty aliyeshika nafasi ya 3 na kujitoa kesho yake, na mgombea mwenzao Rick Perry, ambaye hakuwapo. Aliyeshika nafasi ya pili alitajwa kwa nadra kiasi cha mchekeshaji Jon Stewart kulifanyia dhihaka jambo hilo katika kipindi chake.

Wahariri walikuwa na hoja: kura ya Ames ilipima basi na bidii. Lakini kama ni hivyo, ushindi wa Bachmann nao haukuwa na uzito. Januari iliyofuata, katika mikutano ya uteuzi ya Iowa, Bachmann alikuwa wa 6 kwa asilimia 5, na Paul wa 3 kwa asilimia 21.

Mahojiano na wapiga kura waliokuwa wakiingia kwenye mikutano hiyo yanaonyesha sura ya wafuasi wake vizuri kuliko jumla yoyote. Karibu nusu ya wapiga kura wa chini ya miaka 30 walimchagua Paul, aliyekuwa na miaka 76. Kwa waliozidi 65 alipata takriban mmoja kati ya kumi. Aliongoza pia kwa wasiojihesabu kuwa Warepublikan. Kwa maneno mengine, nguvu yake ilikuwa kwa watu ambao chama hakiwezi kuwategemea kuja mikutanoni, na udhaifu wake kwa wale wanaokuja kila mara.

Kampeni ya 2012 ilijua hivyo, na ikageukia kanuni. Katika majimbo ya mikutano, wajumbe halisi huchaguliwa wiki na miezi baadaye, kwenye vikao virefu ambavyo mwanachama wa kawaida hana subira navyo. Wafuasi wa Paul walibaki hadi taa zizimwe. Iowa, ambako alikuwa wa 3, ilimpa kura 22 kati ya 28 kwenye mkutano mkuu wa chama huko Tampa. Viongozi wa chama nao walitumia kanuni: sehemu ya wajumbe wake wa Maine waliondolewa, na sharti la jina kupendekezwa kwa ugombea likapandishwa kutoka kuwa na wajumbe wengi kuliko wagombea wengine katika majimbo 5 hadi zaidi ya nusu ya wajumbe katika majimbo 8.

Hoja zake zilikwenda mbali kuliko yeye. Mswada wake wa kuikagua Benki Kuu, uliodhihakiwa kwa miaka mingi, ulipita Barazani Julai 2012 kwa kura 327 dhidi ya 98, ingawa Seneti haikuupokea. Paul aliondoka Bungeni Januari 2013. Mwanawe, Seneta Rand Paul, aliyejaribu kuurithi umati huo huku akijipatanisha na chama, alipata chini ya asilimia 5 Iowa mwaka 2016. Kura ya majaribio ya Ames haikuwapo tena. Chama cha Iowa kilikuwa kimeifuta 2015. Desemba 2016, mjumbe mmoja wa Texas katika Baraza la Uchaguzi, linalomchagua rais rasmi, alikataa kumpigia Donald Trump na kuandika jina la Ron Paul. Hiyo ndiyo kura pekee ya Baraza la Uchaguzi aliyowahi kuipata, katika mwaka ambao hakugombea.