Sahani za Kuba na Wasikilizaji wa Morogoro

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mlimba na Bonde la Kilombero

MANENO YA SOMO. Mwalimu msaidizi ayaandike ubaoni kabla ya kipindi kuanza.
Sahani ya santuri: duara jeusi lenye mifereji myembamba iliyohifadhi sauti.
Bendi: kundi la wapiga muziki.
Kuiga: kufanya kama afanyavyo mwingine.
Utamaduni: mila, sanaa na mwendo wa maisha ya watu.

Mwenye daftari alifungue, na aliye nyuma asogee karibu na redio.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za vita, watawala na mikataba. Hiyo ni historia kweli, lakini si yote. Leo tutajifunza habari za watu ambao hawakupigana vita wala hawakutawala. Kazi yao ilikuwa kusikiliza. Walisikiliza nyimbo za nchi ya mbali, kwa lugha wasiyoijua hata neno moja, wakazipenda mno. Mapenzi hayo yalisaidia kuzaa muziki wa dansi wa Tanzania, ambao leo tunauita wetu.

Swali la somo letu ni hili: Mtu akipenda sauti ya mgeni, je, anaipoteza sauti yake mwenyewe? Liandikeni juu ya ukurasa. Tutalijibu mwishoni.

CHOMBO CHENYEWE

Kwanza tutazame chombo kilicholeta nyimbo hizo. Mashini ya santuri ya zamani haikuhitaji umeme. Mtu aliizungusha kwa mkono mpaka ikajaa nguvu, kisha akaweka sahani, akateremsha sindano juu yake. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulitoa wimbo wa dakika tatu hivi, kisha ukageuzwa upande wa pili. Sahani hizo zilikuwa nyepesi kuvunjika. Ikianguka sakafuni, basi, fedha imepotea.

Kwa sababu hiyo si kila mtu aliweza kuwa na mashini. Lakini sauti haifungiwi mlango. Mmoja alinunua, na jirani wakasikiliza barazani. Tukisema kwamba sahani fulani ilipendwa, tusihesabu wanunuzi peke yao. Tuhesabu pia wale waliosimama nje.

SAUTI YA KISWAHILI

Mwaka 1928 mwimbaji mmoja wa Unguja, Siti binti Saad, alisafiri na wenzake kwenda Bombay, Bara Hindi. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini, na alipokuwa kijana aliuza vyungu. Huko Bombay kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza mashini, ilitia nyimbo zake katika sahani. Zilipofika Afrika Mashariki watu walizigombea. Hadi mwaka 1931 sahani za Kiswahili zaidi ya 70,000 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Tuone maana yake. Kabla ya hapo mtu wa pwani aliweza kununua sahani ya Kiarabu au ya Kihindi. Sasa alisikia lugha yake ikitoka ndani ya mashini. Kampuni nayo ikajifunza jambo: kumbe Waafrika ni wasikilizaji, nao wana senti zao za kununulia wanachokipenda.

MUUZA KARANGA

Mwaka 1933 kampuni hiyohiyo ilianza kuleta Afrika sahani za namna nyingine, zenye namba zilizotanguliwa na herufi GV. Nyingi zilikuwa nyimbo za Kuba. Kuba ni kisiwa kilichoko katika Bahari ya Karibi, kusini ya Marekani, na watu wake husema Kihispania. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 zilitoka sahani zaidi ya 200 za GV. Watu wengi waliuita muziki wenyewe kwa herufi hizo mbili.

Miongoni mwa sahani za mwanzo kabisa ulikuwamo wimbo uitwao El Manisero, yaani Muuza Karanga. Ulitungwa na Moisés Simons, ukapigwa mjini New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu, mwimbaji akiwa Antonio Machín. Ni wimbo wa mtu anayepita mitaani akinadi karanga zake. Hapana asiyemjua mtu wa namna hiyo. Hata hapa kwetu, treni ikisimama stesheni, wauzaji hunadi ndizi na karanga dirishani, kila mmoja kwa sauti yake.

Lakini wasikilizaji wa Afrika hawakujua kwamba wimbo unahusu karanga, kwa kuwa Kihispania hawakukijua. Basi waliupendea nini? Tunaweza kutaja sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni utamu wa sauti yenyewe. Mwimbaji hakupiga kelele. Sauti yake ilikuja taratibu juu ya tarumbeta na ngoma, kama sauti ya mtu aliye ndotoni. Tena, kwa kuwa maneno hayakueleweka, kila msikilizaji aliweza kuweka maana yake mwenyewe. Aliyeachwa na mchumba alisikia habari za mchumba. Aliye mbali na kwao alisikia habari za kwao.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi Waafrika wengi sana walichukuliwa utumwani wakapelekwa Kuba kulima miwa. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi na upande wa Kongo. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886. Watu hao walinyang'anywa nchi yao na uhuru wao, lakini mapigo ya ngoma waliyachukua kichwani. Huko Kuba mapigo hayo yakachanganyika na magitaa ya Wahispania. Hata chombo chao kinachotikiswa, kiitwacho maraka, hulia kama kayamba letu. Kwa hiyo sahani ya GV ilipofika Afrika ilikuwa kama mjukuu aliyezaliwa ugenini. Anasema lugha nyingine, lakini ukimtazama anavyotembea, unamwona babu yake.

KIJANA WA MOROGORO

Sasa tuje nyumbani, katika mkoa wetu. Mwaka 1928, mwaka uleule Siti alipokwenda Bombay, alizaliwa mjini Morogoro mtoto aliyeitwa Salum Abdallah. Alipokuwa kijana alizisikia sahani za Kuba, zikamwingia. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akikusudia kwenda Kuba kwenyewe. Alifika Mombasa, na safari yake ikakomea hapo, mbele ya bahari. Akarudi Morogoro.

Ndugu wanafunzi, hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Kijana huyu angeweza kukaa na huzuni yake. Angeweza pia kuendelea kuwa mnunuzi wa sahani tu. Badala yake alifanya kazi. Mwaka 1948 alianzisha bendi, akaiita La Paloma, maneno ya Kihispania yenye maana ya njiwa. Baadaye bendi yake ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Litazameni jina hilo. Upande mmoja ni Kuba, na upande wa pili ni marimba, neno la Kibantu. Mgeni na mwenyeji wamekaa mkeka mmoja.

Muziki wake ulikuwa na mwendo wa Kuba, lakini Salum Abdallah aliimba Kiswahili. Aliimba mapenzi, maonyo na mambo ya wananchi, na nchi ilipokuwa ikidai uhuru, bendi yake ilikuwa upande wa uhuru. Wimbo wake mmoja unaitwa Ngoma Iko Huku. Fikirini: mtu aliyetaka kuvuka bahari kuifuata ngoma, sasa anawaambia wenzake kwamba ngoma iko huku.

Katika mji huohuo ilikuwapo bendi nyingine, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Bendi hizi mbili zilishindana sana, na ushindani huo ulinoa vipaji. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari tarehe 19 Novemba 1965, na Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba baada yake. Upande wa Morogoro Jazz alitokea mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mataifa. Mwaka 1973 Mbaraka alianzisha bendi yake, Super Volcano. Naye aliuawa na ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979.

Pigeni mstari chini ya miaka miwili: 1933 na 1970. Mwaka 1933 sauti ilitoka ng'ambo ikaja kwetu kwa meli, nasi tukasikiliza. Mwaka 1970 vijana wa Morogoro walivuka bahari, na mataifa yakawasikiliza wao. Ni miaka 37 tu.

NENO LA MWALIMU NYERERE

Tusidhani kwamba watu wote walifurahi. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba wengi wetu tulijifunza rumba na dansi nyingine za kigeni, lakini gombesugu, mangala au lelemama hatukuzijua, na wengine hawakupata hata kuzisikia.

Neno hilo lilikuwa na uzito. Kampuni za sahani zilifuata faida. Ngoma ya sangula, inayochezwa upande wetu wa Ulanga na Kilombero, haikupata nafasi dukani kama ilivyopata rumba. Kijana aliyedhani kwamba kitu kizuri ni kile tu kilichotoka dukani aliweza kuiona ngoma ya bibi yake kuwa ushamba. Hasara hiyo ni ya kweli, wala tusiifiche.

Lakini katika hotuba hiyohiyo Rais alionya pia kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Alichokitaka ni kwamba tujifunze bila kukiacha chetu. Basi tupime. Yuko anayependa cha mgeni akakiiga tu, na mwisho wake ni kuwa kivuli. Yuko pia anayependa cha mgeni kikamwamsha, akakijibu kwa lugha yake. Salum Abdallah alianza kama wa kwanza, akamaliza kama wa pili.

WASIKILIZAJI WA BONDENI

Je, sisi wa Mlimba tuliingiaje katika habari hii? Tuliingia kwa njia ya redio. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Baadaye zikaja redio ndogo za betri, zilizoweza kufika pasipofika waya wa umeme. Bendi ziliitwa studio, nyimbo zao zikatiwa katika kanda, zikatangazwa nchi nzima. Mtu aliyekaa dunguni akiamia ndege wa mpunga aliweza kusikia gitaa la Morogoro palepale shambani. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, na Mlimba ikawa stesheni yenye watu wa makabila mengi, kila mmoja na wimbo aupendao.

Majina ya wanamuziki tunayo, na kanda zao nyingi zimehifadhiwa Dar es Salaam katika shirika la utangazaji la taifa. Lakini majina ya wasikilizaji hayakuandikwa. Nani aliyekuwa na redio ya kwanza kijijini kwenu? Nani alitembea usiku kwenda kusikiliza? Wimbo gani ulipigwa katika harusi ya wazazi wako? Na sangula ilichezwa wapi, na nani aliimbisha? Habari hizo zimo katika vichwa vya wazee, na kijana aliyemsikia Salum Abdallah akiwa hai leo ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Asipoulizwa, atazikwa nazo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu hapotezi sauti yake kwa kumpenda mgeni. Huipoteza akinyamaza. Nanyi, ndugu zangu, mmejifunza kusoma na kuandika, kwa hiyo mnayo njia ya kutonyamaza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Waafrika waliupenda wimbo wa Muuza Karanga bila kuyajua maneno yake?
2. Jina Cuban Marimba linatufundisha nini?
3. Je, ni kweli kwamba muziki wa dansi ulizidhuru ngoma zetu? Semeni kwa mifano ya kijiji chenu.

KAZI YA KUANDIKA. Mwendee mzee mmoja, bibi au babu. Mwombe akutajie wimbo mmoja alioupenda alipokuwa kijana, na mahali alipousikia kwanza. Andika mistari mitano. Andika jina lake juu, na mwaka kama anaukumbuka. Mkabidhi mwalimu daftari lako kabla ya somo lijalo.