Kasha la Nyuzi za Mwanga na Mizani ya Wakaguzi

Katika vyumba vilivyofungwa na kutiwa baridi, ambamo mitambo ya simu na intaneti hukesha usiku na mchana, lipo kasha la chuma ambalo hakuna alitazamaye ila fundi aliyeitwa kulifungua; na ndani ya kasha hilo, juu ya visinia vyembamba, zimelazwa nyuzi za kioo za rangi mbalimbali, zimezungushwa kwa upole mithili ya ukili uliokunjwa ukingoja kushonwa mkeka. Watu husifu uzi, nao wana haki kuusifu, kwani ndio ubebao sauti na maandishi ya walimwengu. Walakini uzi huo ukikosa mahali pa kupumzikia, ukapindwa kwa pupa au ukabanwa na mlango, mwanga uliomo huvuja na habari hupotea njiani. Kwa hiyo nimeona inafaa kueleza jinsi kasha hili nyonge lilivyofikishwa mbele ya wakaguzi wa hataza na likapimwa kwa mizani ile ile iliyopimiwa uzi wenyewe, kwa sababu katika habari zake hudhihirika maana ya desturi kongwe ambayo wengi wetu tunaisikia kwa jina tu.

Hataza ni mkataba baina ya mbunifu na umma: mbunifu huifichua elimu yake yote mpaka mjuzi wa kazi ile aweze kuitenda bila ya kumwuliza, na umma humwachia yeye peke yake faida ya kitu chake kwa muda maalumu, kisha kitu kile huwa mali ya watu wote daima dawamu. Jamhuri ya Venice iliiandika kanuni hii katika sheria yake ya mwaka 1474, ikimpa mwenye kuleta chombo kipya cha werevu, kisichopata kufanywa katika milki yake, ulinzi wa miaka 10, na ikamtoza mwigaji faini ya dukati 100 na kuamuru chombo chake kivunjwe. Huko Uingereza mambo yalikwenda kombo kwa muda mrefu, maana wafalme waliwagawia vipenzi vyao ukiritimba wa vitu ambavyo havikubuniwa na mtu yeyote katika zama zao, kama chumvi na karata, hata raia wakalazimika kununua kwa bei ya dhuluma vitu walivyokuwa wakivitumia tangu enzi za babu zao. Dhuluma hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Ukiritimba ya mwaka 1624, iliyobatilisha mapendeleo hayo na kubakiza lile la mbunifu wa kweli, kwa muda usiozidi miaka 14, ambao ni sawa na vipindi viwili vya uanagenzi wa miaka saba.

Sheria ilikuwa njema, lakini sheria isiyokuwa na mchunguzi ni mlango usiokuwa na bawabu. Marekani ilipotunga sheria yake ya kwanza ya hataza mwaka 1790, kazi ya kukagua maombi ilikabidhiwa mawaziri wenyewe, akiwamo Thomas Jefferson, na hataza ya kwanza ikatolewa tarehe 31 Julai mwaka ule kwa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kutengeneza magadi ya majivu. Haukupita muda mrefu mawaziri wakalemewa, kwani hawakuweza kuendesha mambo ya dola na huku wakipima mashine za watu. Ikawa mwaka 1793 ukaguzi umeondolewa kabisa, na yeyote aliyelipa ada na kujaza karatasi akapewa hataza yake. Matokeo yake ni yale ambayo mtu mwenye akili angeyatarajia: walaghai walinakili vyombo vya wenziwao na kuviandikisha kuwa vyao, mafundi wanyofu wakatishwa kwa karatasi zisizo na msingi, na mahakama zikajaa mashauri ambayo yangalimalizwa na mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Seneta John Ruggles wa Maine akaupigania mswada ulioleta sheria ya mwaka 1836, ambayo ilirejesha ukaguzi na kuukabidhi kwa watu wenye elimu ya ufundi, wasiokuwa na kazi nyingine. Na kwa ajabu ya mwenendo wa dunia, mwezi Desemba mwaka ule ule moto ukaiteketeza nyumba ya huko Washington iliyohifadhi hataza zote zilizotangulia, takriban 10,000, pamoja na vielelezo vya mashine vipatavyo 7,000. Ndipo watu walipofahamu kwamba ukaguzi umesimama juu ya kumbukumbu, na asiyekumbuka yaliyokuwapo hawezi kutambua lililo jipya.

Upya peke yake haukutosha. Mwaka 1851, katika shauri la Hotchkiss na Greenwood, Mahakama ya Juu ya Marekani ililetewa kitasa cha mlango ambacho upya wake wote ulikuwa katika kufinyangwa kwa udongo badala ya kuchongwa kwa mti au kusubiwa kwa chuma, nayo ikahukumu kwamba kubadili kitu kimoja kwa kingine ni kazi ya fundi stadi na haifikii daraja ya ubunifu. Sheria ya mwaka 1952 ikaliandika wazo hilo kwa maneno bayana, kuwa jambo ambalo lingekuwa dhahiri kwa mjuzi wa kazi ile halipewi hataza. Nawaomba wasomaji wakikumbuke kitasa hicho, maana hukumu yake ndiyo itakayosimama mlangoni siku kasha letu litakapobisha hodi.

Amma uzi wenyewe, historia yake ni fupi na yenye fahari. Mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakiwa katika maabara ya Harlow huko Uingereza, walitangaza kwamba kioo kinaweza kuchukua mazungumzo ya watu kwa masafa marefu endapo upotevu wa mwanga utashushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani ibaki walau sehemu moja katika 100 baada ya kilomita moja. Na vioo vya wakati ule vilikuwa na upotevu wa kama desibeli 1,000, hata katika mita 20 tu sehemu 99 katika 100 zilikuwa zimekwishatoweka. Mwaka 1970, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning wakauvuka mpaka huo kwa uzi wa silika ambao kiini chake kilichanganywa titani kidogo, wakapata desibeli 17. Hataza waliyopewa Maurer na Schultz mwaka 1972 ilipiganiwa mahakamani na Sumitomo ya Japani, ambayo katika baadhi ya nyuzi zake ilikiacha kiini kikiwa silika safi na badala yake ikalichanganya ganda. Lakini mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema mwaka 1989 kwamba aliyefika mahali pale pale, kwa kazi ile ile na kwa njia ile ile, hawezi kujitetea kwa kuwa amepita ukuta wa pili. Kao akatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2009.

Mtu angedhani hapo hadithi imekwisha; kumbe kwa mafundi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Uzi huo, ukiwa na ganda lake, unene wake ni maikromita 125, kadiri ya unywele wa mtu, na mwanga hukaa ndani yake kwa sababu hupiga ukingo wa kiini kwa pembe iliyolala na kurudishwa. Upinde kwa ukali, pembe hubadilika na mwanga hutoka nje kama maji yavukavyo kingo za mfereji uliokata kona ghafla. Kwa nyuzi za kawaida za simu, fundi alifundishwa asikunje kwa nusu kipenyo cha chini ya milimita 30, na hata pale Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipoidhinisha mwaka 2006 kanuni ya G.657 kwa nyuzi zinazostahimili kupindwa, haja ya kupanga na kulinda haikuondoka. Fauka ya hayo, kila mahali nyuzi mbili zinapounganishwa kwa kuyeyushwa, sharti ibakizwe ziada, ili siku kiungo kikiharibika fundi apate urefu wa kukata na kuanza upya. Na ziada hiyo lazima iwe na pa kukaa. Ndivyo zilivyozaliwa bidhaa ambazo hazikupigiwa tarumbeta na mtu: visinia vya kulazia viungo, magurudumu madogo ya kuzungushia ziada, droo zinazovutwa bila ya kuuvuta uzi, miongozo iliyopindwa kwa hisabati, na vibao vya mbele ambapo viunganishi vimepangwa safu kwa safu.

Ofisi ya Hataza ya Marekani iliwatengea watu hawa wa makasha kibanda chao katika soko kubwa la elimu: daraja la 385, kifungu cha 135, mahali pa masanduku ya viungo na ghala za ziada za nyuzi. Tangu mwaka 2013, Wamarekani na Ofisi ya Hataza ya Ulaya walipounganisha taratibu zao, makasha hayo hutafutwa chini ya alama G02B 6/44 na matawi yake, tawi moja kwa makasha, jingine kwa visinia, jingine kwa magurudumu, na jingine kwa kinga ya mpindo. Huko ndiko mkaguzi aendako kila asubuhi. Husoma kwanza madai, ambayo ni mipaka ya shamba linaloombwa, neno kwa neno. Kisha huzama katika elimu iliyotangulia, hataza za nchi nyingi na makala na vitabu vya bidhaa, akiuliza kama shamba hilo limekwishalimwa na mwingine. Halafu humwandikia mwombaji barua yenye hoja na ithibati, naye mwombaji hujibu, akiyapunguza madai yake au kuyatetea, hata pande mbili zikutane kwenye mpaka ambao wote wawili wanaweza kuuapia.

Ugumu wa kazi hii katika makasha ni kwamba ndani yake hakuna kiungo kisichojulikana. Droo ni ya kale, bawaba ni ya kale, gurudumu la kuzungushia uzi ni la kale kuliko sheria ya Venice. Mkaguzi hupata sinia katika hataza moja na mwongozo uliopindwa katika nyingine, na hapo kile kitasa cha udongo humrudia akilini: je, huyu ameviweka pamoja vitu ambavyo fundi yeyote angeviweka pamoja? Mwaka 2007, katika shauri la KSR lililohusu kanyagio la gari, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuchanganya vitu vijulikanavyo kwa njia ijulikanayo, na kupata matokeo yaliyotarajiwa, aghalabu ni jambo dhahiri. Hukumu hiyo iliwapa wakaguzi silaha, na pamoja nayo amana nzito, kwa kuwa jambo lolote likishaelezwa huonekana jepesi, na mkaguzi mwadilifu hujizuia asimhukumu mbunifu wa jana kwa macho ya leo.

Shauri lililonifunza zaidi ni lile la makasha yenye viunganishi vingi. Mwaka 2020 kampuni ya Corning iliilalamikia Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kuhusu makasha yaliyoingizwa nchini humo, ikishika mikononi hataza ambazo baadhi yake zilidai kasha lenye viunganishi visivyopungua 98 katika nafasi moja ya U, ambayo kimo chake ni inchi 1.75 tu. Tume iliipa haki Corning mwaka 2021, na kampuni ya FS, mojawapo ya zilizolalamikiwa, ikakata rufaa kwa hoja yenye uzito: dai linasema “visivyopungua 98” wala halitaji kikomo cha juu, ilhali maelezo ya hataza yanafundisha kujenga hadi 144 tu, yawezekanaje mtu kumiliki asichokifundisha? Mahakama ya rufaa ilijibu mwezi Aprili 2023 kwamba dai la namna hiyo huweza kusimama ikiwa lina kikomo chake cha kimaumbile na mwandishi amemfundisha mjuzi kukikaribia. Na kwa kuwa mwaka 2008, ombi la awali la hataza hizo lilipowasilishwa, mjuzi wa kazi asingaliweza kuvuka mno viunganishi 144 katika nafasi ile, basi 144 ndicho kilichokuwa kikomo, na madai yakathibitishwa. Hivyo hesabu ya vitundu katika sanduku ikafafanua kanuni ambayo wanafalsafa wa sheria wameihangaikia kwa vizazi, kwamba haki ya mtu na somo lake viende sambamba.

Nasi wa pwani hatuko mbali na habari hizi. Zama za ukoloni, aliyetaka hataza yake itambuliwe Kenya, Tanganyika au Zanzibar aliipata London kisha akaja kuisajili huku, na mizani ikabaki ng’ambo. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 ndiyo iliyoiwezesha ARIPO, shirika la Afrika la haki za ubunifu, kupokea na kukagua maombi kwa niaba ya nchi za Afrika zilizojiunga, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika kwetu mwaka 2009, zilikuja pamoja na makasha yake, na vijana wetu wakajifunza kuyafungua, kusafisha ncha za kioo, kuyeyusha viungo na kulaza ziada katika visinia. Kijana afanyaye hivyo kila siku ndiye sheria imwitaye mjuzi wa kazi, na akiona upungufu ambao mtengenezaji wa mbali hakuuona, vumbi la barabara au mvuke wa chumvi uingiao katika bawaba, akatengeneza dawa yake na kuieleza sawasawa, anastahili kusimama mbele ya mkaguzi kama walivyosimama wenye maabara.

Lakini aende akijua ataulizwa nini. Ataulizwa kama jambo lake lilikuwapo, kama mwenziwe yeyote angelifikia bila ya taabu, na kama amefundisha kadiri anavyodai. Maswali hayo matatu yalilipiwa kwa chumvi iliyouzwa kwa dhuluma, kwa karatasi za walaghai na kwa majivu ya Washington, nayo hayambagui mwenye uzi na mwenye kasha. Mkaguzi ayaulizaye kwa insafu humlinda mbunifu, na papo hapo humlinda fundi mwingine, asiyejulikana, ambaye kesho atafungua kasha lake, azungushe ziada ya uzi kama alivyofundishwa na mkubwa wake kazini, na asidaiwe na mtu yeyote kwa jambo ambalo ni la watu wote.